Maswali ya WhatsApp ndiyo maandishi ya duka lako: ushauri kwa wauzaji wa mtandaoni Lubumbashi

Kabla ya kugusa neno hata moja kwenye duka lako, fungua Google uandike site: ikifuatwa na jina la tovuti yako, bila kuacha nafasi katikati. Utakazoonyeshwa ni kurasa ambazo Google imezihifadhi. Hesabu hiyo si kamili, lakini inatosha kukushtua: ukiwa na bidhaa 80 na Google ikaonyesha kurasa 6, usihangaike na maneno kwanza. Shida iko mlangoni.

Duka likiwa limejengwa kwa WordPress na WooCommerce (programu za kujengea tovuti na duka), mahali pa kwanza pa kutazama ni Réglages, halafu Lecture. Pana kisanduku kilichoandikwa « Demander aux moteurs de recherche de ne pas indexer ce site ». Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi ili kazi isiyokamilika isionekane, kisha siku ya kukabidhi duka anasahau kuiondoa. Mwenye duka anaendelea kulipia tovuti kila mwezi na Google haimjui. Iondoe alama hiyo, hifadhi, kisha jiandikishe Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti anavyoonekana humo, na utume ramani ya tovuti yako, yaani orodha ya kurasa zake. WordPress tangu toleo la 5.5 inaitengeneza yenyewe kwenye anwani inayoishia na wp-sitemap.xml; ukiwa na Yoast (programu-jalizi ya SEO), itafute kwenye sitemap_index.xml.

Kuna kosa jingine la mlangoni linalowachanganya hata mafundi. Mtu anataka ukurasa fulani usionekane Google, anauwekea noindex (alama ndani ya ukurasa inayosema usihifadhiwe), halafu kwa kuongeza ulinzi anaufungia pia kwenye robots.txt (faili linaloiambia Google isiingie wapi). Matokeo yake ni kinyume: Google ikizuiwa kuingia haiwezi kuisoma ile noindex, na ukurasa unaweza kubaki kwenye matokeo, mtupu, bila maelezo. Chagua moja. Kwa kurasa za kikapu na akaunti, noindex peke yake yatosha.

Mlango ukishafunguka, ndipo tunafika kwenye maneno.

Wauzaji wengi wa Lubumbashi wanauzia kwenye status ya WhatsApp na Facebook. Hakuna ubaya, wateja wako huko. Ila status inafutika baada ya saa 24, na anayetafuta betri usiku wa umeme kukatika haulizi status ya mtu asiye na namba yake. Anafungua Google. Na hapo anaandika tofauti na anavyoongea. Nyumbani anaongea Kiswahili, kidole kinachapa Kifaransa, mara nyingi bila alama juu ya herufi: prix batterie solaire 100ah lubumbashi. Mwingine anachanganya: bei ya panneau solaire. Hakuna anayechapa « solutions énergétiques innovantes », lakini hayo ndiyo maneno yanayojaa kwenye kurasa za mbele za maduka ya sola. Kwa vikwembe (vitenge) ni vilevile. Muuzaji anaandika « tissu multicolore » na namba ya bohari, wakati mteja anatafuta wax, rangi, yadi 6, na kama rangi itachuja akifua.

Maneno hayo huna haja ya kuyanunua. Anza kuandika jina la bidhaa kwenye Google na usibonyeze chochote. Mapendekezo yanayoshuka chini ni maneno ya watu halisi. Kisha fungua WhatsApp ya duka, rudi nyuma miezi 3, na unakili kila swali lililoulizwa kuhusu bidhaa moja. Swali lililorudi mara 5 au zaidi linastahili jibu kwenye ukurasa wa bidhaa hiyo. Kazi hii ni ya mchana mmoja, na inazidi maneno ya kupangwa ambayo mtu asiyejua duka lako atakuuzia.

Chukua mfano wa betri ya jeli ya 12 V na 100 Ah. Ukurasa wa kawaida una picha moja, jina « Batterie 100Ah », na maandishi ya kiwandani yaliyonakiliwa, ambayo maduka mengine kumi nayo yameyanakili. Google haitoi adhabu kwa kunakili kwa namna hiyo, ila ikikuta maandishi yaleyale mahali kumi inachagua mmoja wa kumwonyesha, na mara chache atakuwa wewe.

Kichwa cha ukurasa kiwe hivi: « Batterie solaire gel 12 V 100 Ah : prix à Lubumbashi ». Ni herufi 52 pamoja na nafasi. Google haihesabu herufi, inapima upana, lakini ukibaki chini ya 60 kwa kawaida hakikatwi. Jina la bidhaa litangulie, jina la duka lije mwisho au lisiwepo. Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa hayapandishi nafasi yako, na mara nyingi Google inayabadilisha. Yaandike hata hivyo, sentensi mbili zenye bei na muda wa kupeleka, kwa sababu ndiyo yanayomfanya mtu abofye. Ile sehemu ya zamani ya keywords iache tupu. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii, na bado kuna watu wanaotoza pesa kuijaza.

Sasa mwili wa ukurasa. Swali la kwanza la kila mteja wa betri ni: itashika saa ngapi? Jibu kwa hesabu. Volti 12 mara 100 Ah ni 1200 Wh. Betri ya jeli isishushwe chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo zinabaki 600, na onduleur (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa vifaa vya nyumbani) inakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Televisheni ya wati 50, taa 4 za wati 5 na modemu ya wati 10 ni jumla ya wati 80. Gawanya: saa 6 na dakika kidogo. Swali la pili ni friji. Andika wazi kwamba mota ya friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, kwa hiyo onduleur ndogo ya wati 300 inaweza kukataa kuiwasha hata kama betri imejaa. La tatu ni chaji: paneli gani inafaa, na kwa nini kati ya Novemba na Aprili, mawingu yakitanda, betri ileile inachelewa kujaa. La nne ni usafiri. Betri hiyo ina kilo karibu 30, haipakatwi kwenye pikipiki kama mkate. Sema inapelekwa kwa chombo gani, na kwa franka ngapi au dola ngapi.

Hapo umeandika maneno kama 250, na hakuna hata moja la kujaza nafasi. Maneno mangapi yanatakiwa? Hakuna idadi. Kikwembe kinaweza kumalizwa kwa maneno 80: yadi 6, karibu mita 5.5, pamba au la, kinafuliwaje, kinatosha kushona nini. Ukilazimisha maneno 500 juu ya kikwembe utaanza kusifia utamaduni wa Afrika, na mteja ataondoka.

Lugha je? Ukurasa mmoja, lugha moja kuu. Ukitumia Kifaransa, maneno ya Kiswahili yaingie pale yanapoingia yenyewe, hasa kwenye maswali na majibu. Ukitaka kurasa kamili za Kiswahili, kila lugha iwe na anwani yake, na ziunganishwe kwa hreflang (alama inayoiambia Google lugha ya kila ukurasa): fr na sw. Usibonyeze kitufe cha kutafsiri duka zima kwa mashine na kuliacha hivyo. Kurasa zinazozalishwa kwa wingi namna hiyo, bila mtu kuzipitia wala kuongeza chochote, ziko kwenye sera za Google kuhusu taka, na mteja wa Katuba ataona mara moja kwamba aliyeandika si mtu.

Bei iandikwe. « Prix en inbox » ni mazoea ya Facebook, kwenye duka ni sumu. Bila bei, data ya bidhaa inayosomwa na Google (iliyoandikwa ndani ya msimbo wa ukurasa) haina cha kuonyesha, na mteja anarudi nyuma kutafuta anayeitaja. Kwa kuwa hapa tunauza kwa dola na franka, chagua sarafu moja kwa ile data, USD au CDF, na nyingine iandike pembeni kama maandishi tu. Makosa huanza pale kiwango cha kubadilisha kinapoyumba: bei inayoonekana inabadilishwa kwa mkono, ile ya ndani inasahaulika, zinatofautiana, na Google inaacha kuonyesha bei yako.

Picha ndizo zinazoua maduka yetu kimyakimya. Picha ya simu inatoka na megabaiti 4. Picha 5 ni 20, na mteja ananunua mega zake kwa kuhesabu. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, zihifadhi kama WebP (aina ya faili la picha iliyo nyepesi), kila moja chini ya kilobaiti 100. Picha zote 5 zitakuwa nusu megabaiti. Google inataka kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kitokee ndani ya sekunde 2.5, na inapima kwa simu za wageni halisi, si kwa kompyuta ya fundi yenye Wi-Fi ya ofisini. Faili iitwe batterie-gel-12v-100ah.webp, si IMG na namba ndefu. Na upige picha ya lebo ya nyuma, yenye volti na ampea; wateja wanaikuza kuliko ile nzuri ya mbele.

Vichujio ni mtego ambao hauonekani mpaka uhesabu. Kategoria moja ya vikwembe yenye rangi 10, aina 4 na namna 5 za kupanga inazalisha anwani 200 za bidhaa zilezile. Google inapoteza muda humo, na bidhaa mpya zinasubiri; kwenye Search Console utaziona chini ya « Détectée, actuellement non indexée ». Elekeza anwani hizo zote kwa canonical (alama inayotaja anwani iliyo kuu) kwenye kategoria kuu, na uache wazi zile tu zinazotafutwa kweli.

Bidhaa ikiisha, usifute ukurasa wake. Andika imeisha, itarudi lini, na weka mbili zinazofanana. Ikiwa haitarudi kamwe, ielekeze kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye ile iliyoirithi, si kwenye ukurasa wa mbele, maana Google inauhesabu mwelekeo huo kuwa ukurasa usiokuwepo. Ukurasa wa vifaa vya shule nao usiandikwe mwaka kwenye anwani yake. Uweke mwezi wa 6, ukae palepale, na kila mwaka ubadilishe bei na orodha kabla ya Septemba.

Kuna ushauri unaozunguka wa kutengeneza ukurasa kwa kila komini: betri Kampemba, betri Ruashi, betri Kamalondo, betri Kenya, maandishi yaleyale na jina limebadilishwa. Google inaziita kurasa za mlango na inaziondoa. Tengeneza mmoja tu wa usafirishaji, wenye bei ya kila komini, saa za mwisho za kuagiza, na namna mzigo unavyokwenda Likasi au Kolwezi. Kama una kaunta, jaza Google Business Profile, wasifu wa duka kwenye Google na ramani zake: avenyu, namba, na alama ambayo dereva anaijua. Kama unauzia nyumbani na kupeleka tu, ficha anwani na uweke maeneo unayofika.

Baada ya hapo, vumilia. Fungua Search Console kwenye Performances, chagua miezi 3, panga kwa idadi ya kuonekana. Tafuta maneno ambayo uko kati ya nafasi ya 8 na ya 20, yanaonekana sana na hayabofywi. Fungua ukurasa husika, ongeza jibu linalokosekana, rekebisha kichwa, kisha usiuguse kwa wiki 4. Ukibadilisha vitu vitatu kila siku tatu hutajua kilichofanya kazi. Andika tarehe ya kila badiliko kwenye daftari la duka, kwa kuwa Search Console inahifadhi takwimu za miezi 16 tu na haitakukumbusha ulichofanya wewe.