Fundi mzoefu hataki kufundisha wenzake kazini, fanya hivi

Mkuu nimekusoma, fundi wenu wa mashine ya kupakia unga anajua kila kitu, akienda likizo kazi inasimama, na ukimwomba akuelekeze anakujibu "utajua tu mbele ya safari". Usikimbilie kusema ana roho mbaya. Kama mkataba wake ni wa mwaka mwaka na bosi kila siku anaongelea kupunguza watu, akikupa vyote yeye anabaki na nini? Ule ujuzi ndo bima yake bana.

Halafu mengine hawezi hata kuyaeleza, anasikia tu mlio anajua beringi imekwisha, sasa mkimwambia aandike ataandika mistari miwili halafu mnamlaumu bure. We kaa naye akifungua mashine, shika tochi, mpasie spana, uliza palepale "umejuaje?", wewe ndo uandike na juu weka jina lake.

Hilo la jina sio dogo. Kampuni ya Xerox, wale wa mashine za fotokopi, miaka ya 1990 walikuwa na mfumo unaitwa Eureka, mafundi wao wanatuma mbinu zao za kutengeneza mashine, wenzao wanazihakiki, na walichojali zaidi ni majina yao yaonekane kuliko kulipwa kwa kila mbinu.

Ila bosi asiposema wazi kwamba anayefundisha hapotezi kazi utasubiri sana, na muda wa kufundishana utoke ndani ya shifti, sio saa kumi na moja jioni mtu anawahi daladala.