Linki umeihifadhi, lakini ulihifadhi ya nini?

Shikamoo mwalimu. Tangu nianze shahada ya uzamili nimehifadhi kurasa zaidi ya mia mbili kwenye kivinjari. Nikizipitia sasa, nyingi sikumbuki nilizitakia nini. Nifute zote nianze upya?

Marahaba. Usifute, wala usikae kuzipanga zote. Hiyo ni kazi ya kukwepea kuandika tasnifu, naijua vizuri. Anza na linki utakayoihifadhi leo. Kabla hujafunga ukurasa, andika sentensi moja au mbili: umeitunza kwa ajili gani, na kilichokuvutia kiko wapi hasa. "Makala nzuri kuhusu mahojiano" haitakusaidia chochote baada ya miezi sita. Linganisha na hii: "Jedwali la 3, uk. 14. Sampuli ni ndogo, lakini anavyopanga maswali ndivyo nitakavyo kwenye sura ya tatu. Ilitajwa kwenye semina ya Alhamisi." Humo mna mahali, sababu, shaka yako, na hata ulikoipatia. Hilo la mwisho watu hulipuuza, ilhali kumbukumbu hushika tukio upesi kuliko kichwa cha makala.

Zile mia mbili ziache zilipo. Utakayoihitaji utaitafuta, na hapo ndipo utaiandikia maelezo yake.

Ripoti niliyoinukuu kwenye sura ya pili haifunguki tena. Msimamizi anataka kuiona. Nifanyeje?

Pole, ingawa hauko peke yako. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikufikika tena miaka kumi baadaye. Nakili anwani ya ripoti hiyo uiweke kwenye Wayback Machine, ghala la Internet Archive linalokusanya kurasa tangu 1996. Ukiwa na bahati utakuta nakala yenye tarehe.

Safari nyingine usingoje bahati. Ghala hilohilo lina sehemu ya kuomba ukurasa uhifadhiwe papo hapo, kisha unapewa anwani ya nakala. Kurasa zinazodai nywila hazishikiki huko, kwa hiyo hizo pakua faili uwe nayo mwenyewe. Na kama makala ina namba ya DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha, nukuu hiyo badala ya anwani iliyoko juu ya kivinjari. Jarida likihamia tovuti nyingine, mchapishaji anatakiwa kuielekeza namba hiyo kwenye makazi mapya.

Programu gani ni bora kwa kazi hii?

Ile inayokuruhusu kuondoka na vitu vyako. Delicious, huduma ya kuhifadhi linki, ilianza 2003 ikapendwa sana, ikabadilisha wenyewe mara kadhaa, leo haipo. Pocket nayo ilifungwa 2025. Mimi natumia Zotero, programu ya kutunza rejea: ni ya bure, ipo tangu 2006, na sehemu ya maelezo inakaa palepale na rejea. Lakini nina rafiki anayeandika kila kitu kwenye faili moja la maandishi matupu, na hupata alichokitafuta kabla yangu.

Profesa wetu hututumia linki kwenye kundi la WhatsApp, zinafunikwa na salamu. Kuna njia?

Ihamishe siku hiyohiyo, pamoja na maneno aliyoyasema alipoituma. Mara nyingi maneno hayo yana uzito kuliko linki yenyewe.

Nikinakili aya kwenye maelezo yangu, baadaye nashindwa kujua lipi langu na lipi la mwandishi. Je, ni kosa kubwa?

Ni kubwa, na wengi huliingia bila nia mbaya. Sentensi uliyoibandika mwezi wa tatu, ukiisoma mwezi wa kumi unaiona kama yako, na pengine unajisifu kimoyomoyo. Kila ulichonakili kitie alama za kunukuu palepale na namba ya ukurasa, hata kama ni maneno manne. Ya kwako yatangulizie herufi mbili za jina lako. Usitegemee rangi, kwani ukihamisha maandishi rangi hupotea.

Linki nyingine ni ndefu nusu ukurasa. Naruhusiwa kuikata?

Kuanzia palipoandikwa "utm_" ni alama za kufuatilia umetokea wapi tu, kata. Vifupishi vya linki viepuke, maana kampuni yake ikifunga duka na linki imekwenda. Ukishaikata, ifungue kwanza uone kama inafika, ndipo uibandike.