Kereng'ende wa Dunga na nduguye wa Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, kando ya mafunjo ya Dunga nimewapiga picha kereng'ende wembamba weusi, wenye alama ya buluu karibu na ncha ya mkia. Binti wa dada yangu aliyeko Uingereza amenitumia picha ya mmoja aliyemkuta bwawani, nami sioni tofauti. Je, ni aina moja? Na yule wa rangi ya machungwa anayeruka pamoja nao ni nani? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ni ndugu wa jenasi moja, lakini si aina moja. Wako ni Ischnura senegalensis, anayeenea Afrika nzima na kuvuka Asia hadi Japani; wa mpwa wako ni Ischnura elegans, ambaye huku kwetu hayupo. Kwa hiyo mahali picha ilipopigwa ni ushahidi mzuri kuliko rangi, kwani madume wa aina zote mbili wana buluu ileile kwenye pingili ya nane kati ya kumi za tumbo lao refu (ndilo tunaloliita mkia).

Tofauti itafute shingoni. Nyuma ya kichwa pana kigao kidogo, na kwa elegans ukingo wake wa nyuma umeinuka kama kijilimi kilichosimama, ilhali wa senegalensis ni wa chini na wa mviringo. Wakati wa kujamiiana dume humshika jike mahali hapo shingoni, kwa koleo zilizo kwenye ncha ya tumbo lake, kwa hiyo umbo la sehemu hiyo lina uzito kuliko madoa.

Kuhusu wa machungwa, huenda ni jike mchanga wa aina hiihii. Majike wa senegalensis wako wa namna mbili: wengine hufanana na dume, buluu na yote, na inadhaniwa kwamba mfanano huo huwapunguzia usumbufu wa madume, wengine huanza na kifua cha machungwa kisha hufifia na kuwa kahawia au kijani kibichi. Elegans wana namna tatu, jambo ambalo limewachosha wengi kabla yako. Lakini tazama mgongo wa mkia: ukiwa mweusi, ni jike huyo, ukiwa wa machungwa hadi ncha, na macho ni ya kijani, umempiga picha Ceriagrion glabrum, ambaye ni wa jenasi nyingine kabisa.