Pauni 4,200 kwa boila ya kombi, ni bei ya haki?

Dada, pauni 4,200 kubadilisha boila ya kombi tu (ile ya gesi inayopasha nyumba na maji ya bomba bila tangi), tena ikae palepale jikoni ilipokuwa ya zamani? Hapo unapigwa. Kazi ya namna hiyo hapa Uingereza ni ya siku moja, na kwa kawaida boila na ufundi pamoja huangukia kati ya pauni 2,000 na 3,500. Ingekuwa inahamishiwa chumba kingine, au mnaondoa tangi la maji ya moto, ningemwelewa fundi wako.

Mwambie akuandikie mchanganuo: boila kiasi gani, ufundi, kusafisha mabomba, chujio la sumaku la kunasa uchafu wa chuma kwenye maji, na kama VAT ya asilimia 20 imo. Mimi fundi alinitajia bei tamu kwenye simu, VAT ikaja kuchomoza kwenye ankara! Ulizia mafundi watatu.

Halafu kadi ya Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi hapa Uingereza) usiiangalie mbele tu, igeuze. Nyuma ndiko zilikoandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Asiye nayo usimfungulie mlango, hata awe shemeji. Na waranti watakayokusifia, mara nyingi hufa usipoifanyia boila sevisi kila mwaka, kwa hiyo tunza risiti.