Kwa mnaoanza na sarafu za dhahabu za akina Tudor, ukoo uliotawala Uingereza 1485 hadi 1603

Karibuni. Jina la mfalme acheni kwanza, anzeni na mizani. Fundi wa Mnara wa London, sarafu zilikogongwa, alilaza kipande cha dhahabu juu ya muhuri uliokitwa kwenye gogo, akaushika ule wa juu kwa mkono, akapiga nyundo. Kwa hiyo picha iliyokaa upande au herufi zilizojirudia si ajabu. Uzito ndio wa kuuliza. Sarafu ya malaika, yenye Mikaeli akimchoma joka na merikebu nyuma yake, ilitoka na gramu 5.18 hivi. Ukikuta 4.7 na herufi za pembeni zimeliwa, mtu alishapitisha mkasi.

Halafu maji, kujua kama ni dhahabu kweli. Ifunge kwa uzi, ipime hewani, kisha ipime ikining'inia ndani ya maji bila kugusa glasi. Malaika mzima hupungua takriban gramu 0.27. Ikipungua nusu gramu, hapo una fedha iliyopakwa dhahabu. Mizani ya sokoni haifai kwa kazi hii. Nunua ya sonara.

Sasa soma jina, ila usiliamini haraka. Henry VIII alianza kuchakachua sarafu mwaka 1544, dhahabu ikashuka hadi karati 20 kati ya 24, na alipokufa 1547 waliendelea kugonga kwa jina lake chini ya mwanawe Edward. Malaika wa Malkia Elizabeth wa Kwanza hawana mwaka kabisa. Tafuta alama ndogo mwanzoni mwa maandishi: ufunguo, kwa mfano, unakuweka kati ya 1595 na 1598.

Tundu lisikukimbize. Wafalme na malkia waliwagusa wagonjwa wa tezi za shingo, wakawavika malaika kwa utepe, kwa hiyo tundu safi lina historia yake. Mimi nanunua bila kusita. Ninachokikataa ni alama ya kulehemu: geuza ukingo taratibu chini ya taa, utaona sehemu moja imelainika na rangi imefifia, mahali palipokuwa na pete ya kidani. Kuna wauzaji wanaolinyamazia hilo, na bei haishuki.

Na ukiambiwa sarafu kadhaa zimechimbwa pamoja shambani Uingereza, omba karatasi kabla ya kulipa. Sheria ya Hazina ya 1996 inataka mafungu ya namna hiyo yaripotiwe.