Kwa wanaokuja kutazama ndege Mama Ngina, ukingoni mwa bahari Mombasa, kwa mara ya kwanza

Huko Ulaya majani yakianza kupukutika, huku kwetu kusi inatulia na vuli inanukia. Ndio msimu wa kuja, Septemba mpaka Novemba, maana ndege waliotaga kaskazini, wengine mbali kama Siberia, wameshatua pwani. Usitarajie rangi. Manyoya ya harusi wengi wameyavua. Wamebaki kijivu na kahawia, ndiyo sababu mgeni huwaona wote ni mmoja.

Kabla ya kuuliza saa ya kukutana, uliza maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari hupwa kwa zaidi ya mita tatu, na maji makavu huangukia mida ya saa nne asubuhi. Siku hizo tunaanza kwenye mibuyu saa kumi na mbili na nusu, tukitafuta chozi, ndege wadogo wanyonyao maua, halafu tunasogea ukingoni taratibu. Miamba ikianza kutoka majini, ndege wanashuka kula. Ukija siku ya maji mafu, bahari isipopwa sana, utatazama mibuyu zaidi kuliko ndege.

Mara yangu ya kwanza nilimpata ndege mkubwa wa kahawia juu ya mwamba. Badala ya kumtazama, nikainamia kitabu nimtafute humo. Mzee aliyetuongoza akaniuliza, "Mdomo wake umepinda juu au chini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nilipoinua kichwa, mwamba mtupu. Wenzangu wakasema umepinda chini, na utosini ana michirizi ya giza. Sululu huyo. Mimi na kitabu changu mkononi.

Basi tazama kwanza, na useme kwa sauti ya chini unachokiona: mdomo, miguu, mwendo. Mwendo hasa. Ndege mdogo anayedonoa ukingoni huku kitako kikipanda na kushuka kama amesikia chakacha, huyo ni kitwitwi, utamjua hata kama huna darubini. Akishtuka huruka chini chini juu ya maji, mabawa yamekakamaa.

Darubini ya 8×42, yaani inayovuta mara nane na yenye vioo vya mbele vya milimita 42, yatosha. Ya 12 huvuta karibu zaidi, lakini mkono ukitetema kidogo tu, ndege anacheza kwenye kioo. Na usimsake ndege kwa darubini: mkazie macho, kisha iinue darubini bila kushusha uso. Jizoeze nyumbani kwa kusoma maandishi ya matatu zikipita. Nguo, kijani iliyofifia au kahawia. Kanzu nyeupe iache kwa Ijumaa.

Kunguru wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, Mombasa wakaonekana 1947, na siku hizi huiba mayai na makinda ya wenzao. Siwapendi. Ila wana faida moja: wakipiga kelele kwa pamoja juu ya mbuyu, nyamaza uangalie wanamfukuza nani. Mara nyingi ni mwewe. Siku ya bahati, kozi, ndege mwindaji mwingine.

Mwisho wa matembezi, kabla ya mihogo na madafu, tunajumlisha hesabu, na kila mtu ana ndege wake wa kuhesabu. Mgeni hupewa kunguru. Usinune, mimi niliwahesabu matembezi matatu mazima kabla ya kukabidhiwa sululu.