Kumrekodi bibi: mpe mjukuu kazi hiyo

Msomaji aliyeko Muscat ametuandikia akilalamika. Bibi yake yuko Unguja, na kila akimwomba kwa simu asimulie maisha yake anajibiwa, "Maisha yangu ndo haya haya, mjukuu wangu," kisha mazungumzo yanahamia kwenye mvua na bei ya mchele. Anauliza anunue kifaa gani cha kurekodia.

Abaki na simu yake. Kinachomkwamisha ni lile ombi. Ukimwambia mzee "nisimulie maisha yako" umemtaka atoe hotuba, naye hotuba hajajiandaa nayo. Muulize kitu kidogo chenye mahali pake: ukiingia mlangoni mwa nyumba mliyokulia, mkono wa kulia kulikuwa na nini? Nani alilala chumba gani? Maji mliteka wapi, na mtungi ulikaa upande gani? Mzee akishaiona nyumba, watu wataanza kupita ndani yake bila kuitwa.

Kwa jambo moja msomaji huyu amebahatika: ni mjukuu. Familia nyingi humkabidhi kazi hii mtoto mkubwa, yule mwenye simu nzuri na kazi ya mjini, na rekodi inatoka kavu. Kati ya mzazi na mwanawe pana haya. Kijana hamuulizi mama yake alivyochumbiwa, na baba hamwelezi mwanawe mambo aliyoyafanya ujanani akiwa mbali na nyumbani. Mjukuu ana utani. Bibi anayemwita "mume wangu" atamwambia yale ambayo wanawe hawajawahi kuyasikia, tena kwa kicheko. Kwa hiyo usikifute kicheko hicho baadaye, wala maswali. Wapo wanaokata sauti ya muulizaji ili abaki mzee peke yake. Wanabaki na majibu yanayoning'inia: "Aa, huyo alikuwa wa upande wenu." Upande wa nani?

Shirika la StoryCorps la Marekani, lililoanza mwaka 2003 kwenye kibanda ndani ya stesheni ya Grand Central jijini New York, huwakalisha watu wawili wanaofahamiana kwa dakika 40. Kipimo hicho kinafaa hata kwenye mkeka. Ikipita saa moja mzee huanza kujibu kwa mkato, nawe unaanza kumsukuma. Vikao vitatu vifupi ni bora kuliko kimoja kirefu, kwa sababu usiku baada ya kikao cha kwanza ndipo majina yanapomrudia. Panga asubuhi baada ya chai, mbali na adhuhuri, mbali na saa ya dawa zinazomlaza.

Miaka usiiulize. "Ilikuwa mwaka gani?" humfanya akisie, na kisio likishatajwa familia nzima italichukua kama tarehe. Mpe matukio ya kushikilia. Kwa Bara kuna Uhuru wa Desemba 1961, Azimio la Arusha la Februari 1967, kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa Kenya kuna hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kisha uliza: ulikuwa umeshaolewa? Mgongoni ulikuwa umembeba nani? Kwa Unguja alama kubwa ni Januari 1964, mwezi wa Mapinduzi, lakini kwa familia zilizogawanyika kati ya Zanzibar na Oman usianze nayo. Ngoja aitaje mwenyewe, na akiitaja, nyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Akimaliza sentensi, hesabu moja mpaka tano moyoni kabla ya swali lingine. Mara nyingi kilicho muhimu hutoka hapo. Itikia kwa kichwa. "Ehee" za kila sekunde zinafunika maneno yake. Idadi ya watoto pia usimuulize mama moja kwa moja. Muulize kifungua mimba wake alizaliwa wapi, kisha nani alimfuata. Waliofariki atawataja akitaka. Akihamia Kipare au Kihaya katikati ya habari, mwache, hata kama huelewi, mtafsiri atapatikana.

Sasa simu. Iweke kwenye hali ya ndege, maana simu ikiingia programu nyingi za kurekodi husimama na hutajua. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani mwake, juu ya kanga iliyokunjwa ili meza ikigongwa isisikike. Chumba chenye godoro, mkeka na mapazia hupunguza mwangwi. Sebule ya vigae hurudisha kila neno. Zima feni, redio na friji, na friji uikumbuke ukimaliza. Mvua ikianza kupiga mabati, ahirisha. Jogoo ana nafuu, atapita. Rekodi dakika moja ya majaribio na uisikilize kwa visikilizi.

Ukiweza chagua mfumo wa WAV, usiobana sauti. Kwa sauti ya mono ya kiwango cha 48 kHz na biti 16, saa moja huchukua takribani MB 345, basi hakikisha nafasi ipo. Usitegemee ujumbe wa sauti wa WhatsApp kuwa rekodi yenyewe: hubanwa sana, na sauti ya mzee dhaifu ndiyo inayoumia kwanza.

Kwa aliye mbali zinahitajika simu mbili kule kwa bibi. Moja inapiga soga na wewe ikiwa kwenye spika, ya pili iko karibu na kinywa chake inarekodi papo hapo, chini ya uangalizi wa binamu aliyeko nyumbani. Mtandao ukikwaruza, unakwaruza kwako tu. Binamu huyo pia ndiye atakayemwondoa kwa adabu shemeji anayedakia "si hivyo bibi, ilikuwa Pemba." Shemeji apewe kikao chake. Habari mbili zinazopingana zina faida kuliko moja iliyosahihishwa.

Kila kikao kianze kwa kutaja tarehe, mahali na majina ya waliomo. Faili lipe jina linaloeleweka, mfano 2025-08-03_bibi_nyumba_01, nakala tatu: moja kwenye simu, moja kwenye diski, moja kwa ndugu wa mji mwingine. Kuandika neno kwa neno saa moja ya mazungumzo hula saa nne hadi sita, ndiyo maana wengi hukata tamaa. Anza na faharasa: dakika ya 12, kisima, dakika ya 19, posa iliyokataliwa.

Kabla ya kurusha chochote kwenye grupu la ukoo, mrudie bibi na umsikilizishe. Muulize kipi kisikike sasa, kipi kisubiri, na kwa akina nani. Kuwa mkali zaidi panapotajwa mipaka ya shamba, mahari ambayo haikulipwa, au mtoto wa nje, kwa sababu sauti hiyo inaweza kuibuka kwenye kikao cha mirathi. Kata vipande hivyo kwenye nakala ya kusambaza. Rekodi kamili ibaki kwa mtu mmoja atakayechaguliwa na bibi mwenyewe.